Saa Isiyoona Mkwaju wa Mwisho

Jumapili moja ya kiangazi nilialikwa na mwanafunzi wangu wa zamani kumsindikiza katika mchezo wa gofu. Siku hizi yeye ni mpima katika mgodi mmojawapo wa ukanda huu wa dhahabu unaoanzia Kahama na kuelekea Geita. Mgodi sitautaja, na kiwanja nacho nitakiacha bila jina, kwa kuwa ninayotaka kuyasema hayauhusu mgodi huo peke yake. Mimi si mchezaji wa gofu. Nilikwenda kwa ajili ya mazungumzo, na kwa ajili ya furaha ambayo kila mwalimu huipata anapomwona aliyemfundisha amesimama kwa miguu yake.

Mkononi alikuwa amevaa saa nyeusi, pana kuliko saa ya kawaida. Kabla ya kila mkwaju aliitazama, akachagua fimbo, kisha akapiga. Kijana aliyembebea mkoba wa fimbo, ambaye katika mchezo huo huitwa kedi, alikwenda mbele kuutafuta mpira. Mwenyeji wangu hakuwa na haja ya kumuuliza kijana umbali uliobaki hadi shimoni, kwa sababu saa ilikuwa imekwisha kumwambia. “Mwalimu,” aliniambia, “siku hizi takwimu hazidanganyi.”

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Nianze kwa kuitendea haki saa yenyewe, maana si busara kukikosoa chombo usichokielewa. Saa ya gofu hupokea ishara za setilaiti za mfumo wa GPS, mfumo uliobuniwa na jeshi la Marekani na kukamilika mwaka 1995 ukiwa na setilaiti 24. Setilaiti hizo huzunguka dunia kwenye kimo cha takribani kilomita 20,200. Kifaa kinachopokea ishara za angalau setilaiti nne kinaweza kukokotoa mahali kilipo. Hadi Mei mwaka 2000, Marekani iliivuruga kwa makusudi ishara iliyowaachia raia, kiasi kwamba mtu aliweza kuonyeshwa mahali palipokosewa kwa hadi mita 100 hivi. Uvurugaji huo ulipositishwa, mlango ulifunguka kwa wavuvi, madereva, wapima ardhi, na hatimaye wacheza gofu.

Ndani ya saa huhifadhiwa ramani za viwanja vya gofu. Kampuni kama Garmin huweka katika saa zake ramani za viwanja zaidi ya 40,000 vya dunia nzima. Mchezaji anaposimama mahali popote kiwanjani, saa humwonyesha umbali hadi mwanzo, katikati na mwisho wa grini, yaani ile sehemu ya nyasi laini zilizokatwa karibu kabisa na ardhi, ambamo shimo limechimbwa. Anapopiga mkwaju mkubwa, kihisi kilichomo ndani ya saa hutambua mtupo wa mkono na mshtuko wa fimbo kukutana na mpira. Saa hukumbuka mahali hapo. Akipiga tena mbele, hukumbuka na hapo, kisha hupima umbali kati ya pointi hizo mbili. Mwisho wa mchezo, simu humchorea mchezaji picha ya safari yake yote: wapi alipiga vizuri, wapi mpira ulipotelea vichakani, kila fimbo humpatia mita ngapi. Sheria za gofu zenyewe, tangu mwaka 2019, huruhusu vifaa vya kupima umbali, isipokuwa pale ambapo waandaaji wa mashindano wamevizuia.

Lakini mpira ukishafika kwenye grini, saa hupofuka.

Sababu ni mbili, na zote ni za kifizikia. Ya kwanza ni kwamba mkwaju wa kwenye grini ni msukumo wa taratibu tu. Mkono hautupwi, na mshtuko wake ni mdogo mno kwa kihisi kuutofautisha na mtu anayekung’uta vumbi kwenye nguo. Ya pili ni kwamba kifaa cha GPS cha kuvaliwa mkononi, hata chini ya anga jeupe, hukosea kwa mita kadhaa. Ukibakiwa na mita mbili hadi kwenye shimo lenye upana wa sentimita 10.8, kosa la saa ni kubwa kuliko safari yenyewe. Kwa hiyo saa hufanya jambo la unyenyekevu: humuuliza mchezaji. Umesukuma mara ngapi? Naye hubonyeza namba kwa kidole chake. Wapo wanaonunua vihisi vya kufunga kwenye kila fimbo ili kupunguza maswali hayo, lakini hata huko mchezaji hubaki na uwezo wa kuhariri alichorekodi.

Mtu anaweza kudhani kwamba hilo ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Katika kiwanja cha mashimo 18 kilichopangiwa mikwaju 72, misukumo miwili hutengewa kila grini. Hiyo ni 36, nusu kamili ya mchezo. Na mkwaju wa mita 250 uliopaa angani na kushangiliwa huhesabiwa sawa na msukumo wa shubiri moja: kila mmoja ni mkwaju mmoja. Chombo kilichojaa setilaiti na ramani, basi, hushuhudia nusu ya mchezo inayoonekana kwa mbali, na nusu iliyobaki hukiachia kidole cha mwenye kunufaika na hesabu hiyo.

Kwenye shimo la tatu, mwenyeji wangu alisukuma mpira ukapita pembeni. Akasukuma tena, ukaishia ukingoni. Akasukuma mara ya tatu ukaingia. Saa ilimuuliza. Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma yake, nikaona kidole chake kikibonyeza 2. Kedi naye aliona. Akainamisha macho, akaifuta fimbo kwa kitambaa, akairudisha mkobani. Hakuna aliyesema neno. Tulikwenda kwenye shimo la nne tukiwa watu watatu tunaoujua ukweli, na saa moja isiyoujua.

Ndugu msomaji, sina nia ya kumtangaza mtu aliyenikaribisha na kunilisha. Alikuwa akicheza kwa burudani, hakuna aliyeibiwa chochote. Lakini yeye ni mpima. Namba anazoziandika siku za kazi huamua mpaka wa mgodi unaishia wapi na shamba la mwanakijiji linaanzia wapi. Na mimi nimefanya kazi miaka mingi ya kuwafundisha vijana kwamba taifa hujengwa juu ya takwimu za kweli. Nilijiuliza njia nzima: sisi wa ukanda huu, tunaojivunia mifumo ya kidijitali kila kukicha, je, hatujaijenga nchi kwa mfano wa saa ile?

Tuanze na mipaka. Setilaiti zilezile zinazompa mchezaji umbali wake ndizo zinazompa mchimbaji mdogo mipaka ya kitalu chake. Leseni ya uchimbaji mdogo wa dhahabu hutolewa kwa Mtanzania kwa eneo lisilozidi hekta 10, na pembe za eneo hilo huandikwa kwa namba za majira ya ramani. Ofisa huja na kifaa cha mkononi, husoma namba, huonyesha mahali pa kusimika bikoni. Nani ataibishia setilaiti?

Lakini kuna jambo ambalo wapima wote hulijua na wachimbaji wengi hawalijui. Namba za majira hazina maana mpaka useme zimehesabiwa kwa msingi gani wa umbo la dunia. GPS hutumia msingi uitwao WGS84. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu zilichorwa kwa msingi mwingine, Arc 1960. Namba zilezile, zikisomwa kwa msingi mmoja kisha kwa mwingine, hukupeleka mahali pawili palipotengana kwa takribani mita 300. Sasa piga hesabu: kitalu cha hekta 10 kikiwa mraba, kila upande wake una mita 316. Maana yake ni kwamba mpangilio mmoja uliochaguliwa vibaya ndani ya kifaa, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, unaweza kukihamisha karibu kitalu chote na kukilaza juu ya duara la jirani. Kifaa hakitapiga kelele. Kitaonyesha namba zake kwa utulivu uleule, nazo zitaonekana za kisayansi kabisa. Huo ni msukumo wa kwenye grini: jambo dogo linaloamuliwa na kidole, ambalo setilaiti haliulizwi.

Tuje kwenye mizani. Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na masoko mengine yakafuata nchini. Ni hatua njema, na ninaiunga mkono bila kigugumizi, kwa kuwa kabla yake mchimbaji aliuza gizani kwa broka aliyempangia bei na uzito kwa pamoja. Sokoni kuna mizani na kuna stakabadhi. Hata hivyo, dhahabu haizaliwi sokoni. Kabla ya kufika pale imepita kwenye karasha, kwenye mwalo, kwenye zebaki au kwenye mtambo wa kuchenjulia, na katika kila kituo kuna mtu anayekadiria, anayekata fungu, anayeandika kwenye daftari. Mizani ya sokoni huona kilichofika. Haiwezi kuona kilichopungua njiani.

Wakubwa nao hawana kinga ya jambo hili. Mwaka 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, na makontena 277 yakazuiliwa Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikaripoti kwamba dhahabu iliyomo ilikuwa nyingi mara kadhaa kuliko ilivyotangazwa. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi hapa kwetu Kahama, ikakana. Mgogoro ule ulimalizwa kwa makubaliano na Barrick: malipo ya dola milioni 300 na kuundwa kwa kampuni ya Twiga, ambamo serikali ina hisa za asilimia 16. Sirudii hapa kuamua nani alikuwa mkweli. Nakumbusha tu kwamba idadi ya makontena haikubishaniwa. Makontena ni mikwaju mikubwa, kila mtu huyaona. Ubishi ulikuwa juu ya kilichomo ndani yake, gramu kwa gramu, na nani aliyeaminiwa kukihesabu.

Najua nitajibiwa. Yupo atakayesema kwamba mhadhiri huyu anaipinga teknolojia. Siipingi. Wazee wa machimbo wanakumbuka mipaka iliyowekwa kwa mti mkubwa au kwa rundo la mawe, na jinsi mwenye nguvu alivyolihamisha rundo hilo usiku. Afadhali setilaiti kuliko rundo la mawe. Ninachokipinga ni ile imani kwamba setilaiti imeondoa haja ya uaminifu, ilhali imeihamisha tu. Zamani udanganyifu ulihitaji jasho la kubeba mawe. Leo unahitaji kidole kimoja, na matokeo yake huvaa joho la sayansi, kiasi kwamba anayelalamika huonekana mjinga.

Mwingine atasema gofu ni mchezo wa matajiri, unatuhusu nini sisi? Unatuhusu kwa sababu umekuwa kwetu tangu enzi za ukoloni. Mwadui, mji uliozaliwa baada ya Mkanada John Williamson kugundua almasi mwaka 1940, ulikuwa na shule, hospitali, uwanja wa ndege na kiwanja cha gofu ndani ya uzio wake. Kizazi baada ya kizazi cha vijana wa vijiji vya Shinyanga kimeyajua maisha ya ndani ya uzio kwa kuingia kufanya kazi, wakiwamo waliobeba mikoba ya wengine. Kedi ni mtu wa karibu kuliko wote na mchezo. Huona kila mkwaju. Anajua mpira uliangukia wapi kabla ya saa kujua. Lakini haulizwi, na kama ana akili za kuishi, hasemi. Mkate wake umo mfukoni mwa yule ambaye angemsahihisha.

Cha kushangaza ni kwamba gofu yenyewe, mchezo huo wa matajiri, haikuwahi kuiamini saa. Katika mashindano ya kuhesabu mikwaju, kila mchezaji hupewa mtu wa kumwandikia hesabu, na kadi husainiwa na wote wawili. Ukisaini idadi iliyo pungufu ya uliyopiga kweli kwenye shimo lolote, unaondolewa mashindanoni. Ukisaini iliyozidi, imekula kwako. Mwaka 1968, katika mashindano ya Masters kule Augusta, Roberto De Vicenzo wa Argentina alipiga mikwaju 3 kwenye shimo la 17, lakini aliyemwandikia akaandika 4, naye akasaini bila kuangalia. Mkwaju ule mmoja wa karatasi, ambao haukuwahi kupigwa, ulimnyima nafasi ya kucheza mchujo wa kuwania ubingwa. Na mwaka 1925, Bobby Jones wa Marekani alijitoza mkwaju wa adhabu katika mashindano makubwa ya nchi yake kwa kuwa mpira ulijongea kidogo alipokuwa akijiandaa kupiga. Hakuna mwingine aliyekuwa ameuona ukijongea. Hatimaye alishindwa katika mchujo. Mchezo huo, basi, unatambua kwamba baadhi ya wachezaji watakuwa kama Jones, lakini haukujenga sheria zake juu ya matumaini hayo. Umeweka shahidi, umeweka saini, na umeweka gharama ya kusaini uongo.

Hicho ndicho ninachokiomba kwa ukanda huu wa dhahabu: shahidi, saini na gharama.

Kwa watumishi wa umma, ombi langu ni la kiofisi kabisa. Bikoni inaposimikwa, serikali ya kijiji na majirani wa kitalu wapewe nakala ya namba zilizosomwa, ikionyesha wazi msingi wa ramani uliotumika, siku, na jina la aliyesoma. Hakuna gharama hapo zaidi ya karatasi. Vivyo hivyo kwa mipango ya uwajibikaji wa migodi kwa jamii. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanaitaka migodi kuandaa mpango huo kila mwaka kwa makubaliano na halmashauri. Basi ubandikwe kwenye ubao wa kila kijiji kinachohusika, pamoja na bei ya kila darasa na kila kisima. Wanakijiji wanajua bei ya mfuko wa saruji. Wao ndio makedi wa darasa lile: waliona mifuko mingapi ilishushwa.

Kwa wanaharakati, nawasihi wasiishie kwenye idadi kubwa zinazofaa kwa vichwa vya habari. Mrabaha wa dhahabu ulipandishwa mwaka 2017 kutoka asilimia 4 hadi 6, na tulishangilia. Lakini asilimia 6 ya namba iliyopunguzwa ni uongo uleule uliopigwa hesabu vizuri. Nendeni kwenye daftari la mwalo. Na muwasaidie wenye kuona. Tunayo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Ni wangapi kati ya vijana wa karasha wamewahi hata kuisikia?

Kwenu wanafunzi wangu, na hasa ninyi mnaosomea upimaji, jiolojia na uhasibu: mtakabidhiwa vifaa bora kuliko vyote vilivyowahi kuwapo. Vifaa hivyo vitafanya kazi nyingi bila ninyi, kisha mahali fulani vitasimama na kuwauliza swali dogo. Mara ngapi? Kiasi gani? Msingi upi? Hakuna atakayekuwa akiwatazama isipokuwa mtu mmoja aliyeshika mkoba, ambaye hathubutu kusema. Elimu niliyowapa itapimwa hapo.

Nami sina mahali pa kusimama juu yenu. Jioni ile, tulipokuwa tunakunywa soda chini ya mwembe, mwenyeji wangu alinionyesha kwenye simu mchoro wa misukumo yake, wastani wake ukiwa umeshuka tangu mwezi uliopita. Nikamwambia, “Hongera sana, mwanangu.” Niliyasema hayo huku nikijua. Nilikuwa mgeni wake, gari la kunirudisha mjini lilikuwa lake, na nikaona si adabu. Kedi alikuwa ameketi pembeni akisubiri ujira wake, akanitazama mara moja, kisha akageuza uso.

Yeye alinyamaza kwa sababu ya mkate. Mimi nilinyamaza kwa sababu ya soda na gari. Kabla ya kuchapisha makala haya nimempigia simu mwanafunzi wangu na kumweleza nilichokiona kwenye shimo la tatu. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, “Mwalimu, kumbe uliona.” Nikamjibu kwamba tulikuwa wawili tulioona, na kwamba yule mwingine ndiye anayepaswa kuulizwa Jumapili ijayo.